Nani Kasema Esansi ni Rahisi?

Gari la umeme likitajwa tu Kisangani, jibu huwa tayari mdomoni: hicho ni kitu cha Wazungu na Wachina, cha miji yenye lami na umeme usiokatika. Sisi wa mkoa wa Tshopo, na zaidi ndugu zetu wa Basoko, tuachiwe esansi yetu, maana ndiyo rahisi na kila fundi anaijua. Maneno haya anayasema mwalimu, anayasema mfanyabiashara, na mheshimiwa anayarudia. Wote wamekosea, tena wameishika hesabu kichwa chini miguu juu. Kadiri mtu anavyokaa mbali na bohari ya mafuta, ndivyo esansi inavyomtafuna na ndivyo umeme unavyomfaa.

Ifuateni lita moja tu. Tshopo haina kiwanda cha kusafisha mafuta. Esansi ya Kisangani ama imepandishwa na mto kutoka Kinshasa, ama imeletwa na malori ya tangi kutoka upande wa Mombasa, kupitia Uganda na Ituri. Ikielekea Basoko inatiwa kwenye mapipa, mapipa yanapakiwa kwenye baleniera, boti la mbao, na baleniera inateremka ikipita Yangambi na Isangi mpaka pale Aruwimi inapoingia mto Kongo. Kila mkono unaoligusa pipa unadai chake: mpakiaji, mwenye chombo, mwenye kizuizi. Jua nalo linachukua fungu lake kwa mvuke. Mwishoni kadafi, muuza esansi wa mtaani, anaipima kwa chupa ya plastiki kando ya njia, na motari, yaani dereva wa pikipiki, aliye mzoefu huinua chupa ile juani kabla ya kulipa, aone kama kuna maji yaliyotuama chini au kama imechanganywa na mafuta ya taa. Bei ambayo serikali huipanga kwa kanda imeshabaki karatasini zamani.

Hata hiyo bei ya karatasini si kamili. Serikali ikiibana isipande, inabaki na deni kwa makampuni ya mafuta, na deni hilo hulipwa kwa fedha ya umma. Mama muuza pondu asiye na hata baiskeli anamchangia mwenye gari.

Sasa tupige hesabu. Gari dogo la esansi hunywa lita 8 hivi kwa kilomita 100. Gari dogo la umeme hula kilowati-saa 15 hadi 18 kwa mwendo uleule. Injini ya esansi hugeuza robo tu ya nguvu ya mafuta, au zaidi kidogo, kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto linalopotea. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana. Wenye kejeli husema: "Basi utalichaji kwa jenereta!" Haya, tulichaji kwa jenereta. Jenereta ndogo hutoa kilowati-saa 2 hivi kwa lita moja. Ukitoa kinachopotea njiani, lita hiyo italisogeza gari la umeme kilomita 11 hivi, na la esansi kilomita 12. Yaani kwa njia mbaya kuliko zote, umeme unakaribia kutoka sare.

Ukiiacha jenereta, sare inakwisha. Chukua pikipiki, ambayo kwa wengi wetu ndiyo gari. Ya umeme hutumia kilowati-saa 3 hadi 4 kwa kilomita 100. Paneli moja ya jua ya wati 400, siku yenye jua la wastani, huleta kilowati-saa 1.5, na hizo ni kilomita 40 hivi. Mchana motari yuko njiani, kwa hiyo anahitaji betri mbili: moja inatembea, nyingine inachaji. Kigali wameijua siri hiyo. Kampuni ya Ampersand ina vituo ambako motari anaacha betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa na kuondoka. Ethiopia, nchi yenye mabwawa na isiyotaka kumaliza dola zake kwenye mafuta, mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya esansi na ya mazutu.

Matengenezo je? Gari la umeme halina vidanji vya kubadilisha oili, halina buji, halina chujio la mafuta, halina kabureta wala ekzosi, na hakuna gasketi ya kichwa cha injini ya kuungua. Breki zake hudumu, kwa sababu mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Esansi chafu haiwezi kuliua. Lakini tusidanganyane: mashimo ya barabara ya Banalia hayaulizi gari linakula nini. Shokamzoba na bushi zitavunjika vilevile, na matairi yataisha mapema zaidi, kwa kuwa betri ni nzito.

Betri ndiyo hoja yao kubwa: ikifa, umekufa nayo. Mwaka 2010 betri za magari ziligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa. Mwaka 2024 wastani ulishuka mpaka dola 115. Betri nyingi mpya zina dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000, na mara nyingi hufa seli chache tu, zinazoweza kubadilishwa. Jihadhari, hata hivyo, na Nissan Leaf kuukuu, ambalo betri yake haina mfumo wa kuipoza. Joto la kwetu halitaionea huruma.

Nakubali pia kwamba lori la kwenda Buta na mizigo tani kadhaa litaendelea na mazutu yake kwa muda mrefu, na kwamba fundi wa kando ya njia anayefungua injini akiwa amefumba macho bado hajui kutengeneza kidhibiti cha mota. Fundi hufundishwa. Aliifunza mikono yake injini ya Kijapani bila chuo. Mota ya umeme nayo ataijua, vitendea kazi vikifika.

Kizuizi halisi hakimo ndani ya gari. Kimo kwenye maporomoko ya mto Tshopo. Bwawa lililojengwa hapo na Wabelgiji miaka ya 1950 lina mitambo mitatu ambayo hata yote ikizunguka haifikishi megawati 20, na mara nyingi haizunguki yote. Ilhali kobalti nyingi ya dunia, madini ya betri, inachimbwa Haut-Katanga na Lualaba, shaba nayo iko huko, na mto wenye nguvu kuliko yote Afrika unapita mbele ya milango yetu. Penye miti hapana wajenzi. Anayesema umeme si wa kwetu anawapa wakubwa kisingizio cha kutotengeneza hata mtambo mmoja.

Kwa hiyo mtu akikuambia esansi ni rahisi, usibishane naye habari za Wachina na lami. Mwombe daftari: lita, vidanji, piyesi, na siku alizolala na pane bila kuingiza hata franga, kwa mwaka mzima. Wengi hawana daftari hilo, na ndiyo maana wanaiita rahisi.