Majaji 41 na Saini Moja



Hapa pwani kesi ya ardhi si jambo la vitabuni. Wako jamaa ambao wazee wao wamezikwa chini ya minazi ile ile, lakini hati ya kumiliki ina jina la mtu wasiyepata kumwona. Kimbilio lao ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyotokana na Katiba ya 2010.

Basi tutazame ilivyotendewa mahakama hiyo. Mwezi Julai 2019 Tume ya Utumishi wa Mahakama ilipendekeza majaji 41, na 20 kati yao walikuwa wa mahakama hiyo. Kifungu cha 166 kinasema Rais huwateua majaji kulingana na pendekezo la Tume. Hakikumpa ruhusa ya kumchukua amtakaye na kumwacha asiyemtaka. Hata hivyo Rais Uhuru Kenyatta aliizuia orodha nzima, kwa hoja kwamba baadhi yao walikuwa na dosari za uadilifu. Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba hana budi kuwateua. Hakuwateua. Juni 2021 akateua 34 akawaacha sita, nao wakangoja hadi Septemba 2022, alipowateua Rais William Ruto.

Wako wasemao kwamba hiyo ndiyo mihimili ya dola kudhibitiana. Hatukubaliani nao. Kudhibitiana ni Bunge kukataa bajeti, au mahakama kutangua sheria mbovu. Mtu aliyeamriwa na Katiba kutia saini, kisha akaweka kalamu chini, hamdhibiti yeyote. Amefunga mlango, na aliyebaki nje ni mdai.

Tumekwisha kuyaonja haya. Mwaka 1988 Bunge la chama kimoja liliwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao, ukarudishwa 1990 baada ya kelele nyingi. Wakati ule angalau Katiba ilibadilishwa kwanza (twasema hivi kwa uchungu, wala si kwa sifa). Mwaka 2019 iliachwa kama ilivyo, ikapuuzwa.

Tunachodai ni muda wenye mwisho, ulioandikwa: pendekezo la Tume likikaa siku 14 bila saini, Jaji Mkuu awaapishe majaji hao. Ikiwa jambo hilo lahitaji kura ya maoni, na tuulizwe. Sisi wa Shanzu tutajitokeza kupiga kura.