Achari haihitaji kiwanda

Jamani, hivi tutaacha lini kulilia kiwanda? Kila msimu wa maembe ukifika Kasulu wimbo ni ule ule: matunda yanaoza, serikali ituletee kiwanda. Nimepita sokoni pale, nzi walikuwa wengi kuliko wateja. Halafu unaingia duka la jirani unakuta achari ya chupa iliyotoka Dar, na sisi wasomi tunainunua bila aibu!

Eti achari ni chakula cha watu wa Pwani. Nani kasema? Embe bichi la Kasulu na nanasi la Kibondo havina kabila.

Wala sisemei ile ya kuanika juani siku kadhaa. Menya, katakata, jaza kwenye chupa ya kioo iliyosafishwa kwa maji ya moto. Chemsha kikombe cha siki (yenye asidi asilimia 5) na kikombe cha maji, chumvi kijiko cha chai, sukari vijiko 2 vya chakula, pilipili na kitunguu saumu. Mwagia mpaka vipande vizame. Ikipoa, friji. Kesho unakula na ugali na migebuka. Imalize ndani ya wiki mbili.

Kisingizio cha umeme nacho kimechoka. Gridi ya Taifa ilifika Kibondo na Kasulu mwaka 2022, na friji zetu zimejaa soda tu.

Sikatai, mkulima mwenye matenga 20 hataokolewa na chupa yangu. Huyo anahitaji soko kwelikweli. Lakini wewe mwenye mwembe uani na friji sebuleni, unamsubiri mwekezaji gani?