Mtoro ni Nani?

Daftari la mahudhurio lina alama ya aliyekuwapo na ya asiyekuwapo. Mara nyingi sababu halisi haionekani humo. Hivyo binti aliyekosa taulo za kike, kijana aliyepelekwa kuchunga ng'ombe na mvivu aliyejificha mtoni wote huitwa watoro, na mara nyingi adhabu yao ni moja: viboko.

Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, waruhusiwe kurejea shuleni. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, lakini humfikia mtoto akiwa ameshapotea. Nashauri tuanze mapema: siku ya tatu ya kutokuwapo, mwalimu na mwenyekiti wa kitongoji wabishe hodi nyumbani. Mzazi anayemzuia mtoto awajibishwe. Mtoto mwenye shida asaidiwe.