Mimi Abiria, Ndiye Niliyeokota Kishkwambi cha Rubani

Nilipotea kidogo, kazi za gazeti mnazijua. Leo nimerudi na hasira, mnivumilie.

Hivi karibuni nilipanda Cessna Caravan kutoka Dar kwenda Mafia. Ndege ilijaa, nikapewa kiti cha mbele kulia, pembeni ya rubani. Rubani alikuwa peke yake. Kishkwambi chake, chenye ramani na alama ya ndege yetu ikitembea juu yake, kilikuwa kimelala pajani. Sikusema kimefungwa. Nimesema kimelala. Tulipoanza kushuka kuelekea Kilindoni upepo ukatupiga, kishkwambi kikateleza, kikadondoka na kuserereka hadi upande wangu, kando ya pedali. Rubani akatupa jicho chini, akarudisha macho mbele, akasema: "Kaka, samahani, niokotee hicho."

Nikaokota. Kwa wasiojua, pedali za kulia zimeungwa na za rubani. Ukikanyaga ya upande wako, mkia wa ndege unakusikiliza wewe. Yaani mimi, ambaye hata leseni ya gari nilifeli mara ya kwanza, nilikuwa nimeinamisha kichwa katikati ya mitambo ya ndege inayotafuta uwanja. Tukatua salama. Abiria wa nyuma hawakujua lolote, walikuwa wanapiga picha za bahari.

Pale chini nikamuuliza msimamizi wa kampuni kuhusu jambo lile. Akanijibu kwa upole kabisa: "Kile ni kifaa binafsi cha rubani, siyo cha kampuni."

Jamani! Hiyo sentensi ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika.

Kwanza tuelewane. Sipingi vishkwambi. Wazee wengine wa fani wanasema rubani wa kweli anaruka kwa ramani ya karatasi na macho yake. Sawa, lakini tangu iPad ilipotoka mwaka 2010 marubani wa ndege ndogo duniani kote wameikimbilia, na wana sababu. Inabeba ramani zote, michoro ya viwanja na hali ya hewa, na inakuonyesha mlima ulio mbele. Viwanja vyetu vingi vya porini ni vumbi na kitambaa cha kuonyesha upepo, basi. Uwanja wa Arusha uko chini ya Mlima Meru. Juni 5, 2018 kule Kenya, Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, watu wote 10 wakafa. Sisemi kishkwambi kingewaokoa. Nasema milima haina mzaha, na kila kinachomsaidia rubani kujua alipo kinastahili heshima.

Heshima ndiyo isiyokuwepo. Kifaa kinachotumika kuongoza njia ya ndege yenye abiria kinageuzwaje kuwa "binafsi"? Mbona tairi si binafsi?

Ukishamwachia rubani ajinunulie, atanunua kinachoingia mfukoni mwake. Na dukani Kariakoo hakuna atakayemwambia haya niliyoelezwa na rubani mmoja niliyesoma naye Mlimani:

Moja, iPad ya Wi-Fi peke yake haina GPS ndani. Yenye sehemu ya laini ya simu ndiyo yenye GPS, na inafanya kazi hata bila laini. Ukikosea hapo, itabidi ununue kipokezi cha GPS cha pembeni, la sivyo una picha ya ramani tu.

Mbili, kikubwa siyo bora. Kishkwambi cha inchi 13 ni raha sebuleni, lakini kwenye chumba cha ndege ndogo kinaziba saa za ndege na kugonga goti. Wengi wanaishia kwenye kidogo cha inchi 8, na wana akili.

Tatu, joto. Apple wenyewe wanasema iPad itumike kwenye nyuzi 0 hadi 35. Sasa egesha ndege juani Dar mchana wa Januari, halafu nieleze mle ndani kuna nyuzi ngapi! Kikizidiwa kinapunguza mwanga, kinagoma kuchaji, mwisho kinaleta onyo na kukuachia kioo cheusi. Kwa hiyo kikae mbali na jua la kioo cha mbele, kipate hewa, kisivalishwe kava nene.

Lakini hata ukinunua kilicho bora kuliko vyote, ukikilaza pajani umenunua tofali.

Kufunga ndiyo kazi yenyewe. Kuna mkanda wa pajani, unaofaa ila unamwinamisha rubani kichwa. Kuna kishikio cha usukani, kiko karibu na macho, lakini lazima uzungushe usukani hadi mwisho kulia na kushoto, uuvute na kuusukuma wote, uhakikishe hakuna kinachogusa wala waya unaonasa. Kuna cha kikombe cha mpira kinachonata dirishani. Kikipata joto na vumbi kinaachia bila kuaga. Halafu kuna sumaku: nyingi zimo ndani ya kishkwambi na kava lake, na ukikisogeza karibu na dira ya ndege, dira inakudanganya. Na mlango je? Siku ya dharura, mkono wa kishikio usiwe ndio unaokuzuia kutoka.

Hayo yanajaribiwa ndege ikiwa chini, injini imezimwa, siyo juu ya delta ya Rufiji.

Mnaona nakuza mambo? Februari 9, 2014 ndege ya Jeshi la Anga la Uingereza aina ya Voyager, yenye watu 198, ilianguka futi 4,400 kwa sekunde 27. Kisa? Kamera ya rubani ilibanwa kati ya kiegemeo cha mkono na kijiti cha kuongozea ndege. Aliposogeza kiti mbele, kamera ikasukuma kijiti. Kamera tu! Waliokoka kwa sababu walikuwa futi 33,000, walikuwa na nafasi ya kuanguka. Sisi pale Kilindoni tulikuwa na ngapi?

Nasikia wanaosema gharama. Caravan mpya ni mabilioni ya shilingi. Kishikio kizuri hakifiki bei ya tiketi za abiria wachache wa safari moja. Serikali iliweza kununua vishkwambi vya Sensa ya 2022 na baadaye vikagawiwa walimu. Mwenye ndege anashindwa kununua kimoja, kishikio chake na cha akiba?

Na akiba isisahaulike. Aprili 2015 programu ya ramani kwenye iPad za marubani wa American Airlines iligoma, ndege kadhaa zikachelewa kuruka. Wakubwa wale! Kwa hiyo kifaa cha pili au karatasi kiwepo, na rubani ajue kuzitumia.

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, kwenye Kiambatisho cha 6 linamtaka mwendeshaji ahakikishe vifaa hivi vya kubebeka haviathiri mifumo ya ndege wala uwezo wa kuirusha. Mwendeshaji, ndugu zangu. Halijasema rubani atajijua.

Rubani wangu simlaumu. Aliangalia mbele, alifanya alichoweza na alichopewa, yaani hakupewa kitu. Nawaomba nyie mnaopanda hizi ndege: ukikaa mbele, tazama kishkwambi kiko wapi. Kikiwa pajani, uliza kabla ya injini kuwashwa, kwa adabu, lakini uliza. Nitakaporudi Mafia mimi nitauliza.

Naomba kutoa hoja.