Mwanafunzi akimfunza mwenzake: Je, ndiyo dawa ya hofu ya fizikia?

KWA vizazi kadhaa, fizikia imekuwa miongoni mwa masomo yanayoogopwa mno katika shule za upili nchini Kenya. Chini ya mfumo wa 8-4-4, wanafunzi wengi hulipa somo hilo kisogo wanapofika Kidato cha Tatu, wakashikilia kemia na bayolojia. Idadi ya wasichana wanaolifanyia mtihani wa KCSE imekuwa ndogo ikilinganishwa na ya wavulana.

Wachache wanaovumilia huingia chuo kikuu kusomea uhandisi, ualimu wa sayansi au kompyuta. Huko hukutana na fizikia ya mwaka wa kwanza: ukumbi uliofurika, mhadhiri mmoja mbele ya ubao, na maabara ambamo kifaa kimoja huzungukwa na kundi la watu. Wengi hukwama hapo. Wengine hufaulu mtihani kwa kukariri fomyula, wakaondoka bila kuelewa zinasema nini.

Swali linalostahili kuulizwa ni iwapo wanafunzi waliokwisha kuvuka kizingiti hicho wanaweza kuwavusha wenzao. Si kwa kuwaazima madaftari usiku wa kuamkia mtihani, bali kwa utaratibu rasmi wenye mafunzo, usimamizi na malipo.

Swali hili lina uzito wa pekee katika nchi ya majani chai. Sosiot ni makao makuu ya Belgut, Kaunti ya Kericho, na katika eneobunge hilo hilo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kabianga. Jina la Kabianga ni kongwe katika elimu ya Bonde la Ufa. Shule ya serikali ilianzishwa hapo mwaka wa 1925. Chuo kilianza mwaka wa 2009 kikiwa chuo kishiriki cha Moi, na mnamo Machi 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Miongoni mwa kazi zake ni kuwaandaa walimu wa sayansi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwanafunzi wa ualimu asiyeielewa fizikia ya mwaka wa kwanza hukwama yeye leo, na baada ya miaka michache atasimama mbele ya darasa akawarithisha wengine mkwamo wake.

LORI NA BODABODA

Ili kuelewa kwa nini mhadhara mzuri hautoshi, na tuchukue mfano ambao mkazi yeyote wa Sosiot ataufahamu. Lori lililosheheni majani chai limegongana na bodaboda barabarani. Je, ni kipi kilichokisukuma kingine kwa nguvu zaidi wakati wa mgongano?

Wengi watajibu upesi kwamba ni lori. Sivyo. Kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton, kani ambayo lori linaitia bodaboda ni sawasawa na ile ambayo bodaboda inalitia lori, ila zinaelekea pande zinazopingana. Bodaboda huharibika zaidi kwa kuwa ni nyepesi: kani ile ile inayolibadilishia lori mwendo kidogo tu huibadilishia pikipiki mwendo kwa ghafla na kwa kiasi kikubwa.

Mwanafunzi anaweza kuikariri kanuni hiyo neno kwa neno, akaitumia kukokotoa hesabu ngumu, na bado moyoni akaamini kwamba lori limesukuma zaidi. Hili liligunduliwa hata katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Profesa Eric Mazur aliwapa wanafunzi wake maswali mepesi ya dhana, likiwemo la lori zito na gari dogo, akashangaa kuona kwamba wengi waliokuwa wakifaulu vizuri katika hesabu walishindwa.

Alipojaribu kueleza tena na tena, hakufanikiwa. Alipowaambia wajadiliane wenyewe kwa wenyewe, waliokuwa wamelielewa jambo waliwaelewesha jirani zao kwa dakika chache. Kuanzia mwaka wa 1991, Mazur akayafanya majadiliano hayo kuwa sehemu ya kila kipindi.

Siri yake si ngumu kuitambua. Mtaalamu aliyeifahamu kanuni kwa miaka 30 amekwisha kusahau jinsi ilivyomsumbua. Mwanafunzi aliyeielewa mwaka jana bado anakumbuka ni wapi hasa alipoteleza, na swali gani lilimzindua. Kadhalika, mwenye shaka huona haya kumuuliza profesa mbele ya watu 200, lakini haoni haya kumuuliza mwenzake aliyeketi naye benchi moja.

Lugha nayo ina nafasi yake. Fizikia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, lakini mabishano ya wanafunzi huhamia Kiswahili na Kikipsigis bila kuombwa ruhusa. Mara nyingi ni katika mabishano hayo ambapo dhana iliyokuwa maneno matupu huota mizizi.

UTAFITI UNASEMAJE?

Ushahidi haukosi. Mwaka wa 1992, watafiti wa Marekani wakiongozwa na David Hestenes walichapisha mtihani wa maswali yapatayo 30 yasiyohitaji hesabu, wa kupima uelewa wa kani na mwendo. Mwaka wa 1998, Richard Hake alichapisha matokeo ya mtihani huo na mwingine wa aina yake kutoka kozi 62 zenye wanafunzi zaidi ya 6,500.

Katika kozi ambazo mwalimu alizungumza na wanafunzi wakasikiliza, wanafunzi walijifunza kwa wastani asilimia 23 ya yale waliyokuwa hawayajui mwanzoni mwa kozi. Katika kozi ambazo walijadiliana, kubashiri na kujaribu, wastani ulikuwa asilimia 48. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba haiwezi kupuuzwa na yeyote anayejali elimu.

Kutokana na fikira hizo, mwaka wa 2003 Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder kilianzisha mpango wa wanafunzi wasaidizi. Wanafunzi wa shahada ya kwanza waliofanya vyema katika kozi huteuliwa kusaidia muhula unaofuata. Hawatoi mihadhara. Huzunguka katika vikundi vidogo wakiuliza maswali, wakisikiliza na kuwasukuma wenzao wafikiri.

Mpango huo una nguzo tatu. Kwanza, wasaidizi hukutana na mhadhiri kila wiki kupitia somo litakalofuata. Pili, husoma kozi fupi kuhusu jinsi watu wanavyojifunza na jinsi ya kuuliza maswali. Tatu, huenda darasani kutenda yale waliyojifunza. Kuondoa nguzo moja ni kubomoa jengo zima.

Lengo mojawapo la waanzilishi lilikuwa kuwavutia wanafunzi hodari wa sayansi kwenye ualimu wa shule za upili, kazi ambayo wengi wao hawakuifikiria. Baada ya kuonja utamu wa kumwona mwenzao akielewa, baadhi yao walichagua kuwa walimu. Mpango huo umeenea katika vyuo vingi vya Marekani na nchi nyinginezo.

SI JAMBO GENI

Haifai hata hivyo kudhani kwamba hili ni wazo la kuagizwa kutoka ng'ambo. Katika vyuo vya Kurani vya pwani ya Afrika Mashariki, mwanafunzi mkubwa kumsomesha mdogo ni desturi ya karne nyingi. Vikundi vya majadiliano ni sehemu ya maisha ya kila chuo kikuu nchini. Kinachokosekana ni utaratibu: vikundi hivyo hukutana mtihani ukikaribia, havina msimamizi, na aghalabu kazi yake ni kukariri majibu ya karatasi za miaka iliyopita.

Historia pia inaonya. Mwishoni mwa karne ya 18, Andrew Bell alianza kuwatumia wanafunzi kufundisha wenzao katika shule ya mayatima huko Madras, India, naye Joseph Lancaster akafanya vivyo hivyo jijini London. Mtindo huo ulisifiwa kwa kuwa ulikuwa wa bei rahisi: mwalimu mmoja angeweza kusimamia mamia ya watoto. Baadaye ulikosolewa na kuachwa, kwa kuwa waliofundishwa hivyo waliishia kukariri tu. Msaidizi ambaye hajaandaliwa hupitisha alichonacho, pamoja na makosa yake.

Aidha, wenzao wanafunzi si lazima wawe wapole. Hapa ndipo kisa cha Erasto Mpemba kinapostahili kukumbukwa. Mwaka wa 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika, Mpemba alitia mchanganyiko wa moto wa aiskrimu katika jokofu, akaona umeganda kabla ya ule uliopozwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Alipouliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, mbele ya mgeni kutoka Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, Dkt Denis Osborne, wanafunzi wenzake walimcheka.

Osborne hakucheka. Alilijaribu jambo hilo katika maabara, na mwaka wa 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala kulihusu. Hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo, nalo linajulikana ulimwenguni kote kwa jina la Mpemba. Funzo ni kwamba darasa linaweza kuua swali au kulilea. Msaidizi aliyefunzwa kusikiliza ndiye anayeweza kuleta tofauti hiyo.

HATARI YA KUGEUZWA VIBARUA

Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi na nyumbani. Vyuo vikuu vya umma vya Kenya vimelemewa na madeni, na uhusiano wao na wahadhiri umekuwa wa migomo na mazungumzo yasiyokwisha. Mgomo uliomalizika Novemba 2025 ulidumu siku 49, chanzo kikiwa Sh7.9 bilioni ambazo wahadhiri walidai kutokana na mkataba wa 2017-2021.

Katika mazingira hayo, msimamizi wa chuo anaweza kushawishika kuwatumia wanafunzi kuziba pengo la wahadhiri ambao hawajaajiriwa. Hilo likitokea, mpango utakuwa umekufa kabla ya kuzaliwa. Wahadhiri wataupinga, na watakuwa na haki. Mwanafunzi msaidizi hana ujuzi wa kutunga kozi, wala hafai kusahihisha mitihani ya wenzake, jambo ambalo lingefungua mlango wa upendeleo, hongo na hata unyanyasaji.

Suala la malipo nalo halikwepeki. Wanafunzi wengi wa ukanda huu wanatoka katika familia zinazotegemea bonasi ya majani chai na mkopo wa HELB. Kumwambia kijana kama huyo ajitolee saa sita kwa wiki bila chochote ni kuwaachia nafasi hizo watoto wa wenye uwezo. Njia ipo: vyuo kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kenyatta, vina mipango ya kuwapa wanafunzi wahitaji kazi za malipo chuoni. Ikiwa mwanafunzi anaweza kulipwa kwa kupanga vitabu vya maktaba, kuna sababu gani asilipwe kwa kumwelewesha mwenzake kani na mwendo?

MTAALA MPYA HAUSUBIRI

Muda nao hausubiri. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walijiunga na Gredi ya 10, yaani Sekondari Pevu, mnamo Januari 2026. Serikali ilitangaza lengo la kuwaelekeza asilimia 60 ya wanafunzi katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Katika Sekondari Msingi, fizikia imeunganishwa na kemia na bayolojia kuwa Sayansi Jumuishi, na mwalimu aliyebobea katika bayolojia hulazimika kufundisha umeme na sumaku pia.

Kenya iliwahi kutambua kwamba tatizo liko katika namna ya kufundisha. Mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka wa 1998 kwa ushirikiano na Japani, uliwahimiza walimu walio kazini wapunguze kuzungumza na wawape wanafunzi nafasi ya kutenda, hata kwa vifaa vya kubuniwa. Lakini kumfundisha upya mwalimu aliyekwisha kuzoea ubao ni kazi ngumu na ghali. Samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu mtarajiwa anayejifunza kuuliza maswali mazuri akiwa mwaka wa pili au wa tatu chuoni hatahitaji semina ya kumfunza hivyo akiwa na miaka 40.

Kwa Belgut, manufaa yangevuka lango la chuo. Wasaidizi waliopikwa wakaiva wangeweza kufika Sosiot Girls na katika shule za kutwa za jirani, ambako msichana anayeogopa fizikia angemwona msichana mwingine wa kijiji chake akiieleza bila woga. Vielelezo havikosi: mizani ya kituo cha kununulia majani, feni zinazoondoa unyevu kiwandani, joto la kukausha chai. Hiyo yote ni fizikia, tena ya kushikika.

Mei 2023, waandamanaji wa Kericho waliteketeza mashine za kuchuma majani chai wakilalamika kwamba zimewapokonya kazi. Uchungu wao ulikuwa na sababu. Lakini kijana anayeelewa jinsi mashine inavyofanya kazi ana nafasi ya kuiendesha, kuitengeneza au kubuni iliyo bora. Asiyeielewa anabaki kuitazama kama adui.

Chuo kinachotaka kuanza hakihitaji jengo jipya. Kinahitaji kozi moja, mhadhiri mmoja aliye tayari kukutana na wasaidizi 10 kila wiki, fedha kidogo za posho, na mtihani wa dhana mwanzoni na mwishoni mwa muhula ili ijulikane kama kuna kilichobadilika. Matokeo yakiwa mabaya, mpango urekebishwe au usitishwe. Yakiwa mazuri, hakutakuwa na kisingizio cha kuuacha ukumbi ule uliofurika uendelee kama ulivyo.