Mita 23 Kati ya Kamera na Ndama

Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, mabonde ya Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone nchini Marekani hujaa ndama wa baisani, yule nyati wa Amerika mwenye nundu. Ndama hao huzaliwa na manyoya ya rangi ya mdalasini, na katika majani machanga ya Bonde la Lamar wekundu huo huonekana kutoka mbali. Miezi michache tu, nao wamekuwa weusiweusi kama mama zao. Basi wapiga picha hukimbilia huko, wakiwemo wasomaji wetu wanaoishi Marekani. Hamu yao tunaielewa. Kinachotutisha ni namna baadhi ya watu wanavyowasogelea ndama hao.

Mei 2016, wageni waliokuta ndama peke yake walidhani anakufa kwa baridi, wakampakia garini na kumpeleka kwa askari wa hifadhi. Askari walijaribu kumrudisha kundini, kundi likamkataa. Akabaki akiyaendea magari na watu barabarani, mpaka ikabidi auawe. Mei 2023 yakajirudia. Ndama alibaki nyuma wenzake walipovuka Mto Lamar, na mwanamume mmoja akamsukuma kutoka majini hadi barabarani. Kundi halikumpokea tena, naye pia akauawa. Mtu huyo alikiri kosa mahakamani na kutozwa faini ya dola 500, pamoja na malipo mengine ya dola 500 kwa mfuko wa kulinda wanyamapori.

Hawa hawakuwa majangili. Walikuwa na huruma, na mwenye huruma hajioni mkosaji hata kidogo. Ndivyo alivyo pia mwenye simu anayesogea hatua moja, kisha nyingine, akitafuta macho ya ndama yatoke vizuri. Wote wawili wanaingia kati ya ndama na mama yake katika siku ambazo hana ngao nyingine.

Na mama huyo si wa kuchezea. Aliyekulia jirani na mbogo hahitaji kuambiwa, lakini baisani humhadaa mgeni kwa upole wa sura yake, akicheua kando ya barabara kama ng'ombe wa nyumbani. Dume hufikia kilo 900, na mbio zake zinakaribia kilomita 56 kwa saa. Hakuna mnyama aliyejeruhi watu wengi zaidi Yellowstone, si dubu wala mbwamwitu. Mwaka 2015 peke yake walijeruhiwa watu watano, wakiwemo waliompa mnyama mgongo ili wapige picha naye. Ukiona mkia umesimama, au kwato zinaparua ardhi, umeshachelewa kurudi nyuma.

Kanuni ya hifadhi ni mita 23, sawa na mabasi mawili makubwa yaliyopangwa moja nyuma ya jingine. Huo ndio umbali wa chini kabisa, na kwa mama mwenye ndama mchanga tunashauri uongezwe. Mwenye lenzi ndefu akae garini, aiegemeze dirishani, asubiri. Asiye nayo apige picha ya bonde zima, ndama wakiwa vidoti vyekundu ndani yake. Ni picha nzuri kuliko wengi wanavyodhani.

Tusisahau pia kwamba mwaka 1902 baisani wa porini waliosalia Yellowstone walikuwa kama dazeni mbili tu, baada ya bunduki kufyeka mamilioni barani humo. Leo idadi yao hupanda na kushuka kati ya 3,000 na 6,000. Kila ndama anayesimama kwa miguu yake ametokana na wale wachache waliookolewa.

Lawama nyingine ni yetu sisi wahariri. Picha ya karibu ndiyo tunayoiweka ukurasa wa mbele, na mpiga picha anajua hivyo anaposhuka garini. Kuanzia msimu huu, kila atakayetuletea picha ya ndama wa mnyama wa porini tutamwuliza alisimama umbali gani. Iliyopigwa ndani ya mipaka iliyokatazwa haitachapwa hapa, hata ikiwa nzuri kiasi gani.