Makapi ya miwa ya Kanduyi na maji ya chumvi ya Pwani

Msomaji wa Pwani ataniuliza: Kanduyi na sisi ni wapi na wapi? Huko ni Bungoma, njia ya kwenda Malaba, na bahari iko mbali. Naomba unistahimilie kidogo.

Ndani ya eneo bunge la Kanduyi, pale Bukembe, kuna kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanzishwa mwaka 1975. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kwa kampuni ya West Kenya kwa miaka 30, sawa na ilivyofanya kwa viwanda vingine vitatu vya umma. Kelele zilikuwa za madeni, mishahara ya wafanyakazi na malipo ya wakulima. Ni haki yao kupiga kelele. Lakini iko mali moja niliyoisikia ikitajwa kwa nadra: makapi.

Tani moja ya miwa ikisagwa hubakisha takriban kilo 250 hadi 300 za makapi mabichi. Viwanda huyachoma kupata mvuke wa kuendeshea mitambo. Jirani zao wa Mumias walikwenda mbele zaidi: mwaka 2009 walianza kuuzia gridi ya taifa umeme wa makapi, megawati 26. Kiwanda kilipoanguka, umeme nao ukaenda.

Sasa kuna matumizi mengine. Makapi yakikauka, asilimia 40 hadi 50 ni selulosi, zile nyuzi zinazoupa mmea nguvu. Wanasayansi huzipasua hadi upana wake unapimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Hiyo ndiyo nanoselulosi. Ikichanganywa na polima, yaani malighafi ya jamii ya plastiki, hutoa utando imara unaopenda maji: maji hupita upesi na uchafu haugandi kwa urahisi. Utando wa namna hiyo unajaribiwa pia ndani ya betri, kuzitenga pande mbili zisigusane.

Hapo ndipo sisi tunapoingia. Visima vyetu vingi, kuanzia Lamu hadi Mombasa, vina chumvi, na anayejua bei ya mtungi wa lita 20 mkokoteni unapofika mlangoni hahitaji kuelezwa. Kiunga kuna mtambo wa nguvu za jua wa kuondoa chumvi, uliozinduliwa mwaka 2018. Moyo wa mitambo hii ni utando: maji husukumwa kwa nguvu, yakapita, chumvi ikabaki. Utando huchakaa, nao hununuliwa ng'ambo.

Wala si ndoto. Utando wa kwanza uliofaa kwa kazi hii, uliobuniwa California na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan karibu na mwaka 1960, ulitokana na selulosi iliyobadilishwa kikemia.

Sitaki kumdanganya mtu. Kuzipasua nyuzi hizo kunakula umeme mwingi, nanoselulosi hunywa maji ikavimba, na kazi kubwa bado iko maabara. Tena kila gunia la makapi litakalotolewa kiwandani litahitaji kuni nyingine badala yake.

Hata hivyo, miaka 30 ni mingi. Mkulima akilipwa kwa tani ya miwa peke yake, na makapi yasipoandikwa popote, siku yatakapopata bei hatakuwa na la kudai. Viongozi wa Bungoma waulize leo makapi ni ya nani. Viongozi wetu nao, kila wanapotuahidi kiwanda cha kusafisha maji ya bahari, watuambie tando zitatoka wapi na nani atazilipia zikichakaa. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma na Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Mmoja ana makapi jirani, mwengine ana chumvi. Wapewe fedha wafanye kazi pamoja.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.